Mahali Pasipokanyagwa

Mtu akikwambia kriketi ni mchezo wa waungwana, mwulize waungwana gani, maana wale waliokuja Mtwara mwaka wa themanini na moja hata salamu walinyimana. Waganda walipewa vyumba vya upande wa baharini, Wazambia upande wa barabarani, na chakula walikula kwa zamu, kwa sababu siku ya kwanza walipokalishwa meza moja sahani ziliruka. Ziara yenyewe ilikuwa ya kwenda Uganda. Waganda ndio waliotakiwa kuwapokea Wazambia. Lakini Kampala wakati ule bunduki zilikuwa hazijanyamaza, Wazambia wakakataa katakata kwenda kufia huko, ndipo wakubwa wa mchezo wakaamua mechi zote zichezwe katika nchi isiyo ya huyu wala ya yule. Mtwara ina uwanja wa ndege, ina bandari, na ina kiwanja cha kriketi walichokiacha Waingereza wa mpango wa karanga. Basi ikaangukia Mtwara.

Na sasa Mtwara ilikuwa na maiti ya mgeni mkononi.

Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Yustina Mbunda alifika kiwanjani asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuuma shingo. Alikuwa mwanamke mrefu wa Songea, asiyependa kuongea akiwa anatazama kitu. Nyuma yake alifuata Konstebo Likwata, ambaye tangu walipotoka kituoni alikuwa amenuna.

"Afande, tunatafuta nini tena?" Likwata aliuliza. "Mtu tunaye."

"Tunaye tuliyemkamata," Yustina alijibu. "Aliyefanya sijui kama tunaye. Shika upande ule, tufunue."

Kriketi ya huku haichezewi kwenye majani. Katikati ya kiwanja pana ukanda mwembamba wa kifusi kilichoshindiliwa, na juu yake hutandikwa mkeka wa makumbi ya nazi, mzito, unaovutwa na kufungwa kwa vigingi pande zote mpaka ukaze. Huku na huku vinasimikwa vijiti vitatu vitatu. Mrushaji anatimua mbio, anaurusha mpira, mpira unadunda juu ya mkeka, na mpigaji anaukinga kwa gongo usije ukagonga vijiti vyake. Mpira wenyewe si wa kuchezea watoto. Ni wa ngozi, mgumu kama jiwe la kusagia pilipili.

Juzi, katika mechi ya tatu, kijana wa Kiganda aitwaye Kiggundu alirushiwa mpira ambao ulipodunda tu uliruka juu ukampiga kwenye paji la uso. Alianguka gongo likiwa bado mkononi. Jana akafa hospitalini. Polisi walipoufunua mkeka walikuta shimo, hatua chache mbele ya vijiti, kubwa kiasi cha kuingia kiatu. Limechimbuliwa upya, na chochote kilichokuwa kimefukiwa mle kilikuwa kimeshachukuliwa.

Nani anayetandika mkeka? Eusebio Ntaluma. Nani mwingine? Hakuna. Na Eusebio, Mmakonde aliyevuka Ruvuma zamani akiwakimbia Wareno, alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Manuel, aliyeingia jeshini, akaenda vita vya Uganda, asirudi. Kwa watu wengi wa Mtwara kesi ilikuwa imeishia hapo. Kwa mkubwa wake Yustina pia.

"Waganda wanaondoka leo alasiri na maiti yao," mkubwa alikuwa amemwambia, bila kumkaribisha kiti. "Nataka waondoke wakijua tumemshika nani. Jioni Ntaluma anafunguliwa shtaka la kuua kwa kukusudia, akisema au asiposema. Kama una neno, niletee kabla ndege haijaruka. Kama huna, usinisumbue."

Kuua kwa kukusudia mwisho wake ni kamba. Mzee mwenyewe alikuwa hajafungua mdomo tangu alipokamatwa, isipokuwa mara moja alipoulizwa kama ndiye aliyezika kitu chini ya mkeka. Alisema hapana, basi.

Yustina alichuchumaa ukingoni mwa shimo. Chini kulikuwa na vumbi jeupe. Ripoti ya jana, iliyoandikwa na Likwata kwa mkono wake, ilisema ni chokaa, kwa kuwa mistari ya kriketi huchorwa kwa chokaa na chokaa ilikuwa imehifadhiwa na Eusebio.

"Likwata."

"Afande."

"Njoo utazame huku."

Sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka shimoni hadi pembeni mwa kifusi, kila mmoja amebeba chembe yake nyeupe.

"Wewe umewahi kuona sisimizi anakula chokaa?"

Likwata alikuna kidevu. "Hapana, afande."

"Mimi pia sijawahi." Yustina aliokota vumbi kidogo kwa ncha ya kidole, akaligusisha ulimini, akatema. "Unga wa mtama. Sasa mtu anayetaka kumvunja mwenzake kichwa, unga wa nini?"

Likwata alikuwa mtu wa Newala, na mtu wa Newala hahitaji kufundishwa kwamba unga humwagwa chini pale watu wanapoomba kitu kwa wale wasioonekana.

Ukingoni mwa shimo Yustina alipata uzi mwekundu, akautia kwenye bahasha. Kisha akaanza kukagua vigingi kimoja kimoja. Vilikuwa vya mti mgumu, vichwa vyake laini vinang'aa kwa kupigwa miaka mingi. Ila viwili vilivyokuwa karibu na shimo vilikuwa vimechanika vichwa, na katika nyufa zake mlikuwa na chembe za mawe.

"Hivi vimeng'olewa vikarudishwa," alisema. "Na aliyevirudisha amepiga kwa jiwe. Mzee anatumia nini?"

"Nyundo yake. Hamwachii mtu. Anaenda nayo nyumbani."

"Basi twende nyumbani."

*

Walipiga hodi mara tatu nyumbani kwa Eusebio, Mtawanya. Albertina, mke wa Eusebio, alikuwa amekaa kizingitini anawaona, na hodi hakuitikia.

"Mmefuata nini?" alisema hatimaye. "Mmesahau kuku?"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo. Umefuata nini?"

"Nyundo ya mzee, anayopigia vigingi."

Albertina aliinuka, akaingia ndani, akatoka na nyundo ya mti, akaitupa miguuni pa Yustina mpaka vumbi likaruka.

"Chukua. Mwanangu mlimchukua mzima, mkanirudishia begi lake. Mume mmemchukua jana, mkaniambia nitaletewa habari. Nyundo hiyo. Na mie nichukueni basi, mlango mtaufunga wenyewe."

Yustina aliiokota, akaigeuza. Uso wa nyundo ulikuwa mti mtupu, uliobonyea katikati kwa kazi, hauna mkwaruzo wa jiwe hata mmoja.

"Siku moja kabla ya mechi, mzee alirudi wakati gani?"

"Alitandika mkeka wake mchana, akarudi tukafungia kuku pamoja. Hakutoka tena. Majirani hao hapo, waulize, kama na wao hamjawatia ndani."

"Aliwahi kusema anawachukia Waganda?"

"Yule hasemi. Miaka miwili hasemi." Albertina alimsogelea mpaka Likwata akaweka mkono kwenye kirungu. "Anayesema ni mie. Niliomba wafe wote, timu nzima na mizigo yao. Haya, andika hilo. Umesikia? Andika!"

Yustina hakuandika. Alimwambia kwamba mumewe huenda akatoka leo, na kwamba akipata uhakika atamtuma mtu kumwita. Albertina alimtazama kama mtu anayeuziwa samaki aliyeoza.

"Polisi na ahadi," alisema, akageuza mgongo.

*

Wale Wazambia nao hawakuwa na kahawa ya kumpa. Mrushaji wao, Mumba, jitu la mabega mapana, alikuwa amejifungia chumbani, na alipofungua mlango alifungua nusu tu. Waliongea Kiingereza, kila mmoja akimtafunia mwenzake maneno.

"Nimeitwa muuaji tangu jana," Mumba alisema. "Nimetemewa mate kwenye ngazi. Na wewe sema lako uondoke."

"Ule mpira uliurushaje?"

"Kama ninavyorusha siku zote. Ungemfika kiunoni. Badala yake uliruka kama umepigwa teke kutoka chini."

"Kama ulijua chini pana kitu, si ungelenga pale?"

"Mama, ningejua chini pana kitu, ningelenga pale tangu asubuhi, ningengoja jua la mchana kwa nini?" Alicheka kwa hasira. "Tena nilenge kwa nini? Tulishawafunga mechi mbili. Walikuwa wanajifia wenyewe."

Kauli ile ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa na akili ndani yake. Anayeshinda hana haja ya kuchimba. Yustina alimshukuru na Mumba akambamizia mlango.

Upande wa baharini, meneja wa Waganda, Ssempala, alikuwa anakunja mashati ya marehemu na kuyatia katika sanduku. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Kiswahili alikijua vizuri, na alikisema kama mtu anayelazimishwa kunywa dawa.

"Kiswahili kwetu ni lugha ya askari," alisema. "Nilikijifunza nikiwa nimepiga magoti. Uliza upesi."

"Pole kwa msiba, ndugu."

"Mimi si ndugu yako. Mmeniulia kijana, halafu mnaniita ndugu. Uliza."

"Shimo lilichimbwa mahali ambapo mkeka haujachakaa. Kwingine kote umelika kwa viatu, pale ni mpya. Kwa nini?"

"Kwa sababu pale hapakanyagwi. Ndiyo sheria. Mrushaji akishaachia mpira lazima achepuke pembeni. Mpigaji akikimbia, akimbilie pembeni. Mtu akikanyaga pale katikati mwamuzi anamfokea, maana pakiharibika mpira hautabiriki tena."

"Hapa Mtwara nani anaijua sheria hiyo?"

"Mzee wenu wa mkeka. Aliyemuua mtoto wangu."

"Na nani mwingine?"

"Nani mwingine? Watu wenu walikuwa wanacheka kila tukicheza. Wanauliza goli liko wapi..." Ssempala aliliweka shati chini. "Yule mtu wa michezo. Wa Kamati ya Mapokezi. Siku ya mazoezi aliniuliza, katika mkeka wote ni wapi mguu wa mtu haufiki kabisa. Nikampeleka nikamwonyesha. Nilifurahi. Nilisema, angalau mmoja anataka kujifunza."

"Mathayo Chitanda?"

"Anayevaa kofia ya sufu kwenye joto hili. Huyo."

Yustina alitoka mbiombio. Ngazini Likwata alimwuliza kuna nini, naye akamjibu wakiwa wanatembea. "Kaka yangu alikuwa golikipa Songea. Kila goli pale kwetu limezikiwa kago chini, dawa ya kulilinda. Na wewe unajua, kago likirukwa au likikanyagwa, linakufa. Kwa hiyo anayelizika anatafuta nini?"

"Mahali pasipokanyagwa," Likwata alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukafunguka.

*

Mathayo Chitanda alikuwa katibu wa Kamati ya Mapokezi, kamati iliyoundwa kwa ajili ya ziara ile tu. Lakini kabla ya hapo, na baada ya hapo, alikuwa mtu wa kandanda. Mtwara nzima ilimjua. Timu ikifungwa, wazee walisema Chitanda hakusafiri nayo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, picha za timu na kabati la jezi lenye kufuli. Aliposikia nyayo aliweka shajara juu ya meza mbele yake kama mtu mwenye shughuli nyingi.

"Dada Mkaguzi, kesi si imeshakwisha? Mnatusumbua watu wa kazi."

"Nimekuja kujifunza mpira, Ndugu Chitanda."

"Kandanda au huo upuuzi wa vijiti?"

"Kandanda. Timu ikienda ugenini, kamati ya ufundi inazika wapi?"

Mathayo aliguna. "Hayo ni mambo ya kishirikina. Chama kimekataza."

"Chama kimekataza, najua. Wanazika wapi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Wanazika golini. Ili mpira wa adui usiingie. Sivyo?" Yustina aliketi bila kukaribishwa. "Sasa kwenye kriketi goli ni lipi?"

Hapo Mathayo alivua ile kofia ya sufu, akajipepea nayo.

"Ulimwuliza meneja wa Waganda wapi hapakanyagwi. Kwa nini?"

"Udadisi. Katibu asiulize?"

"Fungua kabati."

"Una hati?"

"Fungua kabati, Ndugu Chitanda. Au nitamwambia konstebo alifungue kwa bega."

"Huwezi! Hii ni ofisi ya Kamati! Nitakuripoti Mkoani, wewe mwanamke, nitahakikisha unarudi kwenu Songea ukalime mahindi!"

"Likwata."

Bega la Likwata lilitosha. Jezi zilimwagika sakafuni, na chini yake, ndani ya mfuko wa mipira, ilikutwa pembe ya pongo, imefungwa kitambaa chekundu, mdomo umezibwa kwa nta, na huku na huku imegandiwa na kifusi. Mathayo hakuthubutu kuitupa. Kitu kama kile hakitupwi. Kinarudishwa kwa mganga aliyekitoa, na mganga huyo alikuwa safarini. Yustina aliuweka ule uzi wa bahasha kando ya kitambaa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Nilikuwa namlinda," Mathayo alisema.

"Nani?"

"Huyo huyo marehemu! Wote! Waganda wote!" Sauti ilimpanda na machozi yakamtoka pamoja na jasho. "Walishafungwa mbili. Wakifungwa ya tatu mashindano yamekwisha, nani angecheza zile zilizobaki? Wangepanda ndege waende zao. Na wakienda, dizeli ya jenereta inarudishwa Dar, sukari ya wageni inarudishwa Dar, sabuni inarudishwa Dar! Mgeni njoo, mwenyeji apone, dada! Mtwara hii imeonja sukari lini? Wajumbe wakaniambia, Chitanda, wewe ndiwe fundi, wasaidie hawa watu japo mechi moja."

"Ukazika."

"Jioni, watu wameshaondoka. Niling'oa vigingi viwili, nikazika, nikavirudisha. Mganga aliniambia, weka mbele ya goli, mahali pasipokanyagwa, na mpira hautagusa goli. Vile vijiti si ndiyo goli lao? Mpira ukigusa vijiti mtu katoka. Basi nikaweka mbele ya vijiti."

"Na haukugusa," Yustina alisema.

Mathayo alijifunika uso kwa ile kofia.

"Hukuwaona wakicheza? Hukuona kwamba mpira unadunda chini kwanza?"

"Tangu utoto wangu tunazika golini!" alilia. "Masasi tumezika, Lindi tumezika, hakuna aliyekufa! Mpira unapita juu! Ningejuaje kuna watu wanacheza mpira kwa kuupiga chini?"

"Alipoanguka, ukafanya nini?"

"Watu walimkimbilia yeye. Mimi... walipombeba nikakimbilia pembe. Ningefanyaje?"

"Na mzee Eusebio alipokamatwa?"

Mathayo alianza kuziokota jezi sakafuni. Likwata, aliyekuwa amenuna asubuhi kwa ajili ya kupotezewa muda, alimfunga pingu kwa nguvu kuliko ilivyolazimu, na Yustina hakumkataza.

*

Mkubwa alisoma maelezo ya Mathayo amesimama, mara mbili, akatukana taratibu kwa Kingoni ili Yustina aelewe na karani asielewe. Kisha akaweka sahihi. Ndege ilikuwa bado haijafika kutoka Dar. Chitanda angeshtakiwa kwa kuua bila kukusudia, meneja Ssempala angeelezwa, na Ntaluma aachiwe mara moja.

"Ulikuwa sahihi," mkubwa alisema, kama mtu anayeng'olewa jino. "Nenda ukamtoe."

Yustina alimtuma askari kwa baiskeli kwenda Mtawanya kumwita Albertina. Ahadi ni deni, na alitaka mwanamke yule amwone mumewe akitoka kwa mlango wa mbele. Kisha akaenda mahabusu, Likwata akafungua, na yeye akaingia peke yake.

Eusebio alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, nyayo zake pana zimeelekea mlangoni. Mashavu yake yalikuwa na chale za zamani za Kimakonde.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Tumempata. Ni Chitanda. Alizika kago ili Waganda wasifungwe, akakosea mahali. Amekiri, na pembe tunayo. Vigingi vilipigwa kwa jiwe, si kwa nyundo yako. Wewe uko huru. Mama Albertina anakuja kukuchukua."

Mzee hakucheka wala hakushukuru.

"Kwa hiyo mmeona sina kosa," alisema.

"Huna kosa, mzee."

"Mwanangu, kaa chini."

Yustina hakukaa. Lakini hakuondoka.

"Mkeka ukilala usiku unalegea," Eusebio alisema. "Umande. Asubuhi ya mechi lazima uupitie. Macho hayawezi kazi hiyo, unaona tambarare tu. Mie huvua viatu nikatembea juu yake, kote, polepole, mguu ndio unaoona. Kwa Waingereza nilifanya hivyo, kwa Wahindi nilifanya hivyo, na asubuhi ile nikafanya hivyo. Nikafika pale. Mguu ukaniambia kuna kitu."

"Ukafanya nini?"

"Nikavaa viatu."

Nje Likwata alikuwa anachezea funguo. Yustina alisogea mpaka akawa kati ya mzee na mlango.

"Hukuinua mkeka?"

"Mwamuzi alikuwa ananiita. Alisema, Eusebio, tayari? Nikamtazama yule kijana. Alikuwa anajifunga vile vikinga vya miguu, anawachekesha wenzake. Rika la Manuel. Mie Manuel sikuletewa hata mwili wa kuzika. Nikasema, tayari."

"Ulijua mpira ukidunda pale utafanya nini?"

"Nimetandika mkeka ule tangu sina mvi."

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilijua. Sikujua utampata nani. Nilitaka umpate yeyote." Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Halafu alipoanguka nilitaka asimame. Hakusimama."

"Kwa nini hukusema jana, mzee? Umekaa humu kimya unangoja kamba."

"Jana mliniuliza kama nilizika. Sikuzika. Kama mngenifunga kwa lile ambalo sikulifanya, ningelipia lile nililolifanya, na Albertina angebaki anajua mumewe ameonewa. Ilinitosha. Lakini wewe umezunguka jua zima, umekuja na mdomo wako kuniambia sina kosa. Hilo nilibebeje mpaka nyumbani?"

Yustina alikuwa bado ameshika karatasi yenye sahihi ya mkubwa wake. Hakuna mtu mwingine aliyesikia. Likwata alikuwa ukumbini. Mathayo Chitanda alikuwa amekiri, ndege ilikuwa njiani, na mji mzima ulikuwa umeshaanza kusema yule mzee wa watu kaonewa.

"Afande!" Likwata aliita kutoka nje, kwa furaha. "Nimtoe? Mkewe ameshafika, yuko kaunta, kamletea na shati safi!"

Eusebio aliinamisha kichwa.

"Funga, Likwata," Yustina alisema. "Na uniletee karatasi nyingine ya maelezo."

"Afande?"

"Nimesema funga."

Alitoka, akasubiri mpaka ufunguo ukageuka, kisha akatembea mwenyewe kuelekea kaunta, kwa sababu ndiye aliyemwita yule mama.